Chigongi kwa mwenye presha na magoti mabovu: kuna anayeijua?

MwalimuChake

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Chake Chake, kustaafu kumekaribia. Presha ninayo muda sasa na dawa nameza kila siku. Magoti nayo yananisumbua, zaidi nikipanda ngazi na nikiinuka kutoka kwenye sijda. Daktari kaniambia vidonge peke yake havitoshi, nifanye mazoezi. Basi nikajiunga na kikundi cha mtaani kwetu, wale wanaokimbia alfajiri kuelekea Gombani kwa filimbi na nyimbo. Ni watu wema na walinipokea vizuri, lakini mbio zile si za magoti yangu. Kesho yake ngazi za skuli nilizishuka kinyumenyume.

Sasa binti yangu anayesoma Unguja kaniletea video kwenye simu. Wazee wa Kichina wako bustanini, wanainua mikono polepole, wanageuka, wanashusha. Anasema inaitwa chigongi, kwenye mtandao inaandikwa qigong. Mle ndani kuna bibi ananizidi umri kwa mbali, na kiuno chake kinageuka vizuri kuliko changu. Huyo bibi ndiye aliyenifanya niandike hapa.

N'naomba kujua: ni mazoezi haya au ni ibada ya kwao? Nimesikia wanataja "nguvu" kila mara, na mimi sitaki kuingia kwenye jambo lenye mashaka ya dini. Magoti yangu yataweza? Naweza kufanya ndani ukumbini nikiwa na dera langu? Na bila ya mwalimu, inawezekana?

Anayejua kwa kufanya, si kwa kusikia, anisaidie.

MkweziKonde

Wa alaykum salaam Mwalimu. Mimi nakwambia tembea tu. Huku kwetu Konde kina mama wanapanda vilima na kushuka na pakacha za karafuu, hakuna aliyewafundisha kupunga mikono, na wazima. Mtu anayetoka jasho ndiye anayefanya mazoezi. Lakini sijaifanya hiyo, kwa hiyo nangoja wenye kuijua.

MzeeMaji_Kikwajuni

Wa alaykum salaam warahmatullah, Mwalimu. Zoezi hili nimelifanya tangu ujana na leo asubuhi nimelifanya, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Nianze na la dini, kwa sababu naona ndilo lililokuzuia mlangoni. Katikati ya miaka ya 80 nilikuwa mwanafunzi Nanjing, nikisomea uhandisi wa maji. Ijumaa tukiswali msikiti wa Jingjue, ambao asili yake ni enzi ya wafalme wa Ming. Pale unawakuta Wahui, Wachina wa sura na lugha, na Waislamu kwa karne nyingi. Aliyenifundisha mie chigongi ni mmoja wao, mzee mstaafu wa kiwanda. Akimaliza nyiradi zake anatoka uani, anasimama kimya, kisha ndiyo anaanza kuinua mikono. Sikumsikia akisoma kitu, sikumwona akiinamia kitu. Nilimuuliza waziwazi, swali lako hilihili. Akanijibu kwamba Mungu ameshamwomba ndani, hapa uani anashughulikia mgongo. Na si yeye peke yake: Wahui wana historia ndefu ya michezo ya mwili na mapigano, kule Mengcun katika jimbo la Hebei wana mtindo wao unaojulikana China nzima, baji.

Hata hivyo asili yake sitakuficha, maana mtu ana haki ya kujua anachokishika. Mazoezi haya yamepita mikononi mwa matabibu, na pia mikononi mwa watawa wa Kitao na wa Kibudha, na kila mmoja aliongeza lake. Yako mafungu yenye maneno ya kuimba na taswira za kiroho. Hayo yaache. Kuna mengine ni mazoezi ya afya matupu, hayana dua wala sanamu, na ndiyo nitakayokueleza.

Ni ya zamani sana. Mwaka 1973 wachimbuaji walifungua kaburi huko Mawangdui, karibu na mji wa Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, wakakuta kitambaa cha hariri kimechorwa watu 44 wakijinyoosha. Wanaume na wanawake, wazee na vijana, huyu kainama, yule kainua mikono, na pembeni maandishi ya maradhi ambayo zoezi linakusudiwa kuyasaidia. Baadaye, mwisho wa utawala wa Han, alikuwepo tabibu Hua Tuo. Yeye anatajwa kuwa alipanga mazoezi kwa kufuata mienendo ya wanyama watano: simbamarara, kulungu, dubu, kima na ndege. Mpaka leo yanafanywa.

Lakini jina chigongi kwa maana tunayoitumia sasa ni la juzi. Lilienezwa miaka ya 1950 na Liu Guizhen, mtumishi wa chama huko Hebei. Alikuwa na vidonda vya tumbo na hana usingizi, akafundishwa njia moja ya zamani ya kupumua, akapona, kisha serikali ikamuunga mkono kufungua vituo vya tiba. Serikali ile ilikuwa ya kikomunisti, haikutaka dini hata chembe, kwa hiyo mambo ya kiroho yaliondolewa makusudi. Yakaja Mapinduzi ya Utamaduni mwaka 1966, zoezi likapigwa vita pamoja na vitu vingi vya kale. Miaka ya 80, wakati nipo mimi, lilirudi kwa kishindo. Bustani ya ziwa Xuanwu asubuhi ilikuwa imejaa watu. Hapo ndipo walipotokea pia wenye kudai wanatoa nguvu viganjani na kumtibu mtu aliye mji mwengine. Nilipelekwa siku moja kwenye ukumbi wa mmoja wao. Watu walilia, walianguka, na mzee wangu wa Kihui nilipomsimulia alikasirika. Aliniambia anayeahidi hivyo anatafuta fedha. Mwishowe serikali yenyewe ikabana sana mambo hayo, hasa kuanzia 1999, na baadaye mamlaka ya michezo ya China ikapanga mafungu manne rasmi ya afya. Mojawapo linaitwa Baduanjin, Vipande Nane vya Hariri. Hilo ndilo la kuanza nalo.

Sasa, ni kitu gani? Ni kuweka mwili, pumzi na moyo mahali pamoja kwa wakati mmoja. Mikono ikiinuka, pumzi inaingia, na akili yako iko kwenye mikono hiyo, haiko kwenye daftari la wanafunzi wala bei ya mchele. Ukitoa kimoja katika hivyo vitatu, unabaki unapunga mikono, na hapo ndugu yangu wa Konde atakuwa kasema kweli.

Na ile "nguvu" wanayoitaja ni chi. Katika tiba ya Kichina chi inapita mwilini kwa njia zake, na maradhi yanakuja ikizuilika. Mimi ni mtu wa mabomba na vipimo. Chi sijaiona kwenye kipimo chochote na sikuihitaji ili nifaidike. Utasikia viganja vinapata joto na ncha za vidole zinachemka kidogo. Mabega yakilegea na pumzi ikitulia, mishipa inatanuka na damu inafika vidoleni. Mchina ataita chi, mie naita damu, na kwenye swala hakuna kilichoharibika.

Jambo ambalo nataka ulishike kuliko yote: usianze na mikono. Anza na kusimama. Mzee yule alinisimamisha tu, kipupwe kizima, kabla hajanionesha kipande cha kwanza. Nilikuwa kijana, nikaona ananichelewesha. Leo mtu akiniomba nimfundishe, na mie namsimamisha.

Simama hivi. Miguu upana wa mabega, vidole vinatazama mbele, uzito umegawika sawa kisigino na mbele ya wayo. Magoti yalegee kidogo mno, kama unaanza kukalia kibao cha mbuzi ukaitwa nje kabla hujafika. Goti lisipite ncha za vidole na lisiangukie ndani. Mwisho wa uti wa mgongo uuachie uelekee chini, usibinue kiuno. Kidevu kirudi nyuma kidogo. Makwapa yasibane. Ncha ya ulimi iguse kaakaa la juu, taya lilegee. Macho nusu wazi, unatazama mbele bila ya kukodolea kitu.

Kisha weka kiganja chini ya kitovu, upana wa vidole vitatu hivi. Wachina mahali hapo wanapaita dantieni. Vuta pumzi kwa pua, tumbo lijae chini ya kiganja, kifua na mabega visipande. Itoe kwa pua, polepole kuliko ilivyoingia. Usiibane. Mwenye presha asibane pumzi hata mara moja, hilo nakuomba sana.

Dakika tatu zinatosha mwanzo. Utaona mambo ambayo hukuyajua: kwamba mabega yako yamepanda muda wote, kwamba vidole vya miguu vinakamata sakafu. Mapaja yatatetemeka. Hiyo ni misuli inaamka, na misuli ya mapaja ndiyo inayolibeba goti. Ndiyo maana kusimama huku kunamfaa mwenye magoti kuliko mbio. Magoti yakiuma yenyewe, yanyooshe, punguza kujikunja. Mtetemo wa paja ruhusa, maumivu ya goti hapana.

Ukishazoea, shika kipande cha kwanza, Kuinua Mbingu kwa Mikono Miwili. Pachanisha vidole mbele ya tumbo, viganja juu. Pandisha mpaka kifuani huku unavuta pumzi, pale geuza viganja, sukuma juu ya kichwa mpaka mbavu zifunguke. Kaa hapo kitambo kidogo, pumzi iende zake. Kisha achia mikono ishuke pembeni huku unatoa pumzi na magoti yanalegea. Mara sita. Ukifanya hicho kimoja tu kwa mwaka mzima, mgongo wako utakuombea dua.

Cha pili ni kuvuta upinde, kushoto na kulia. Cha tatu ni mkono mmoja juu na mmoja chini, unasukuma pande mbili. Cha nne kinawafaa sana walimu: mikono iko pembeni, viganja unavigeuza nje, kifua kinafunguka na kichwa kinageuka nyuma polepole mpaka shingo ikwambie basi. Aliyeinamia madaftari maisha yake yote atajua thamani yake siku ya kwanza. Cha tano kinataka ukae chini sana na kuzungusha kichwa na kiuno. Hicho wewe kiruke. Cha sita kinainamisha kichwa mpaka miguuni. Kwa presha yako inama mpaka mikono ifike mapajani tu na uinuke taratibu, au nacho kiruke. Cha saba unakunja ngumi na kusukuma mbele macho yakiwa makali. Cha mwisho unapanda kwa ncha za vidole na kushusha visigino chini, mara saba. Rasmi visigino vinapigwa chini, lakini wewe vishushe taratibu, ushike ukuta.

Vyote vinane havizidi robo saa.

Dera linafaa kabisa, ila pindo liwe juu ya vifundo usije kulikanyaga. Mkeka juu ya marumaru unateleza, simama miguu mitupu kwenye sakafu kavu. Wakati mzuri ni baada ya swala ya asubuhi kabla ya chai, au jioni tumbo likiwa jepesi.

Bila ya mwalimu unaweza kuanza. Video tafuta ya Baduanjin rasmi ya afya, asiongee sana wala kuuza kitu. Na mtu wa nyumbani akutazame kwa ubavu mara moja moja, aangalie goti na mabega.

MuuguziMkoani

Mzee shikamoo. Mwalimu, hodi.

Mimi ni muuguzi, naongeza ya upande wangu. Dawa za presha usiache na usipunguze kwa sababu umeanza kujisikia vizuri. Presha haina dalili kwa wengi, kujisikia vizuri si kipimo. Zoezi na dawa vinakwenda pamoja, na kama baada ya miezi vipimo vimeshuka, mwenye kupunguza ni daktari wako.

Pima hivi: kaa kitini kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini isipishane, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usipime umemaliza kunywa kahawa wala umetoka kukorofishana na mtu. Siku ukikuta imefika 180 kwa 110, zoezi liache siku hiyo uende ukaonwe. Na kama pamoja nayo kuna maumivu ya kifua, kichwa kikali, au mkono kufa ganzi, usingoje asubuhi.

Dawa nyengine za presha zinaleta kizunguzungu ukiinuka ghafla. Ukitaka kuanza, hasa alfajiri, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha usimame. Simama karibu na ukuta au mgongo wa kiti kizito. Mwenye presha ya macho asiinamishe kichwa chini, na mwenye mifupa iliyopungua nguvu asipige visigino.

Kuhusu kama inasaidia kweli: kwa presha, tafiti zipo nyingi na zinaonesha inashuka kidogo, lakini nyingi ni ndogo na hazikupangwa vizuri, kwa hiyo tusimuahidi mtu makubwa. Kwa magoti kuna ushahidi mzuri zaidi kwa taichi, ambayo ni ndugu wa damu wa chigongi. Mwaka 2016 watafiti wa Boston walichapisha utafiti wa watu 204 wenye ugonjwa wa kusagika magoti. Kundi moja lilifanya taichi mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, jengine likapata tiba ya viungo ya kawaida. Maumivu yalipungua pande zote mbili kwa kiasi kinacholingana. Na mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Oregon kwa wagonjwa 195 wa Parkinson, yale maradhi ya kutetemeka mwili, waliofanya taichi walisimama imara zaidi na kuanguka kulipungua. Kwa mtu wa umri wetu kutoanguka ni jambo kubwa. Nyonga ikivunjika, nyumba nzima inasimama.

Madaktari wa Kichina tunao Zanzibar tangu 1964, na wanatoka jimbo la Jiangsu, ambalo makao makuu yake ni hiyohiyo Nanjing ya Mzee. Ukipita Abdulla Mzee hapa Mkoani, wakiwa na nafasi waulize, wako wanaojua.

MwalimuChake

Jazakumullahu kheri nyote. Mzee, maneno ya yule mzee wa msikitini yamenipa utulivu.

Nimeanza kusimama. Mapaja yanatetemeka kama ulivyosema, na la mabega ni kweli tupu. Nimegundua hata darasani nikiandika ubaoni nayapandisha. Goti la kulia halijalalamika bado. Lakini yako mambo matatu.

Akili haitulii. Nikisimama tu yanaingia mawazo ya nyumba, ya watoto, ya mitihani. Je, hapo nimeshaharibu?

Ramadhani nitafanyaje?

Na la tatu, kuna bwana mmoja katika kundi la simu anauza masomo ya chigongi kwa malipo mara mbili, pamoja na mafuta ya kupaka. Anasema kwa siku arubaini mtu anaachana na vidonge vya presha na sukari. Anasema anatuma nguvu kwa njia ya simu pia. Shoga yangu keshalipa nusu.

MzeeMaji_Kikwajuni

La tatu kwanza. Mwambie shoga yako asilipe nusu iliyobaki, na vidonge asiviache hata siku moja. Hao ndio niliowaona Nanjing, wamebadilisha ukumbi kwa simu. Chigongi haitumwi. Hakuna mtu anayeweza kukusimamia wewe miguu yako, wala kukupumulia. Mwenye sukari akiacha dawa kwa siku arubaini anaweza asifike siku ya arubaini, na hili muuguzi wetu anaweza kukueleza zaidi yangu. Nakuomba ulizungumze na shoga yako uso kwa uso, si kwa ujumbe, kwa sababu aliyeshatoa fedha anaona haya kurudi nyuma.

Liko na jengine la kuchunga hapohapo. Walimu wa aina hiyo wanawasukuma watu wakae saa nyingi, wabane pumzi, waone rangi na wasikie sauti, na wakisikia wanaambiwa wamefika daraja ya juu. Wachina wenyewe wanalijua hilo kuwa ni kupotoka, na madaktari wa akili wa Marekani waliliingiza katika kitabu chao cha maradhi ya akili cha mwaka 1994. Ukimwona mtu kaanza kusikia visivyokuwepo, aache zoezi na apelekwe spitali. Na mwenye historia ya maradhi ya akili asianze bila ya kumwambia daktari wake. Kusimama kwa dakika chache kwa pumzi ya kawaida hakukupeleki huko.

Mawazo kuingia si kuharibu. Yanaingia kwangu mpaka leo. Usipigane nayo na usiyafukuze. Ukishtuka umeshafika sokoni, rudisha akili kwenye nyayo: kisigino kinagusa, kidole gumba kinagusa. Kisha kiganja na tumbo. Utarudi mara nyingi, na kule kurudi ndiko zoezi lenyewe. Ikikushinda kabisa, hesabu pumzi zinazotoka mpaka kumi, uanze tena moja.

Ramadhani mimi nafanya kabla ya futari kidogo, vipande viwili vitatu vya polepole, au baada ya tarawehe tumbo likishatua. Mchana wa jua kali usisimame muda mrefu nawe huna maji mwilini. Siku ukihisi kizunguzungu, fanya ukiwa kitini. Na kwa ratiba ya dawa zako mwezi ule, muulize daktari mapema, Shaabani, usingoje mwezi uandame.

Kitini kunafanyika hivi: kaa mbele ya kiti, usiegemee, nyayo zote chini, magoti usawa wa nyonga. Cha kwanza, cha tatu na cha nne vyote vinafanyika hapo bila ya kupungua kitu. Mama yangu mzazi alivifanya barazani akiwa hawezi tena kusimama muda mrefu. Alikuwa akinihimiza yeye, si mimi kumhimiza.

MkweziKonde

Mzee shikamoo. Nimesoma yote. Nilisema kwa haraka pale juu kwa sababu hata mimi jasho ndilo nililolijua. Nina swali langu. Mimi mkwezi wa mikarafuu, na bega la kulia limeanza kugoma kwa kunyanyua mkono kuvuta matawi. Msimu ukija sijui. Kuna kipande cha bega?

MzeeMaji_Kikwajuni

Marahaba mwanangu. Hukusema vibaya, na kutembea kwa Mwalimu kuendelee. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, na kusimama pekee hakuzijazi. Miguu ya vilima na pumzi ya polepole vyote viwili vinahitajika.

Kwako wewe kipande cha tatu na cha pili. Anza cha tatu, mkono wa kulia uishie usawa wa uso, usiulazimishe juu. Kiganja kinasukuma juu taratibu, kile cha kushoto kinasukuma chini pembeni ya nyonga, bega linabaki chini, halifuati sikio. Hapo ndipo wakwezi mnapojiumiza, mnavuta tawi na bega limepanda shingoni. Pumzi inatoka mkono unaposhuka. Fanya mara nane kila upande, asubuhi na jioni. Likizoea, pandisha kiganja kidogo kila wiki. Cha pili, cha upinde, kinakifungua kifua na kuzivuta mbavu za nyuma. Usikae chini sana, simama kawaida, uvute kiwiko nyuma usawa wa bega au chini yake.

Lakini nieleze kwanza: usiku ukililalia bega linakuamsha? Mkono unainuka wenyewe mpaka juu, au lazima uusaidie kwa mkono wa pili? Kama hauinuki, au uliwahi kuanguka mtini ukatua juu yake, nenda ukaonwe kabla ya kuanza, na useme hivyohivyo ulivyoniambia, kwamba unakwea. Ukishajua ni kitu gani, rudi hapa uniandikie, nikwambie kipi uanze nacho na kipi ukiache mpaka baada ya msimu.